Klabu Ndogo za Kandanda na Mapato ya Mlangoni

Kandanda tuliipokea kutoka kwa Waingereza, pamoja na kipenga chake, sheria zake, na hata majina ya klabu zake. Klabu ambayo leo taifa zima huiita Simba ilijulikana kwa jina la Sunderland mpaka mwaka 1971, na Sunderland ni mji wa wajenzi wa meli huko kaskazini mashariki ya Uingereza. Kulivua jina hilo kulikuwa jambo jema, kwani nguo ya kuazima haisitiri matako. Lakini katika kuupokea mchezo wenyewe liko jambo moja ambalo hatukulitazama sana, nalo ni namna wenye mchezo wanavyozilea klabu zao zilizo ndogo kabisa: zile ambazo siku ya Jumamosi hutazamwa na watu mia mbili, pengine mia moja, pengine hamsini na mbwa wawili, na ambazo hata hivyo zimeishi miaka mia na zaidi. Hapa petu tumezoea kuiona klabu ya mtaa ikichomoza kwa vifijo, ikapanda madaraja mawili matatu, kisha ikazimika kama kibatari kilichokwisha mafuta.

Katika makala haya tunakusudia kulitazama jambo hilo kwa undani kidogo. Hatukusudii kuwasifu Waingereza, maana wana mengi ya kulaumiwa hata katika mchezo huu waliouzaa wenyewe. Ila swali ni letu pia. Klabu ambayo mlango wake hauingizi fedha huishi kwa kitu gani?

Kwanza tuueleze mpango wa ligi zao, kwani bila kuujua msomaji hataelewa mengine. Juu kabisa zimo klabu 92 za madaraja manne: ishirini za Ligi Kuu, na sabini na mbili za madaraja matatu yanayofuata. Madaraja hayo yametokana na Ligi iliyoanzishwa mwaka 1888 na klabu kumi na mbili. Klabu nyingine zote zilizo chini yake huitwa klabu zisizo za ligi, jina la ajabu kidogo, kwa sababu nazo zina ligi zao, tena nyingine ni kongwe: Northern League ilianza mwaka 1889, Southern League mwaka 1894, Isthmian League mwaka 1905. Kwa takriban miaka mia moja mlango baina ya pande hizo mbili ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Klabu ya chini haikupanda kwa kushinda. Ilipanda kwa kupigiwa kura na wale waliokwisha kuwamo, nao, kama ilivyo desturi ya waliomo, walipendelea kuchaguana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1987 ndipo bingwa wa ngazi ya tano, klabu ya Scarborough, alipopanda kwa mara ya kwanza kwa haki ya ushindi wake pasipo kuomba kura ya mtu.

Kwa hiyo klabu ndogo zilibidi kujitafutia fahari nyingine, na fahari hiyo ilikuwa mchezo wa ridhaa. Palikuwa na kombe maalumu la wachezaji wa ridhaa lililoanza kushindaniwa msimu wa 1893/94, na tangu mwaka 1949 fainali yake ilichezwa Wembley. Mwaka 1951 watu 100,000 walikwenda kuitazama Pegasus, klabu ya wanafunzi wa Oxford na Cambridge, ikiifunga Bishop Auckland, klabu ya mji mdogo katika nchi ya makaa ya mawe. Bishop Auckland hawakuwa watu wa kudharauliwa: kombe hilo walilitwaa mara kumi, na hakuna aliyewafikia. Mwezi wa Februari 1958, ndege iliyowabeba wachezaji wa Manchester United ilipoanguka Munich na kuua vijana wale waliokuwa tegemeo la timu, Bishop Auckland ndio waliopeleka wachezaji wao watatu kwenda kuijaza timu ya akiba ya klabu ile kubwa. Mdogo alimpa mkubwa. Mambo ya namna hii hayasimuliwi sana siku hizi.

Hata hivyo tusidanganyane. Ridhaa ile haikuwa safi kama ilivyotangazwa. Mchezaji mashuhuri alivua viatu vyake vya kutembelea akaviacha chumbani, na aliporejea kutoka uwanjani alikuta ndani yake noti zimekunjwa. Kila mtu alijua, na kila mtu alitazama pembeni. Mwaka 1974 Chama cha Mpira cha Uingereza kiliifuta tofauti kati ya wachezaji wa ridhaa na wa kulipwa, na kombe lile likafa pamoja na unafiki wake. Wako wanaolililia mpaka leo. Sisi tunaona kwamba ni afadhali bahasha inayoonekana kuliko noti iliyofichwa kiatuni.

Sasa tuje kwenye hesabu. Sisi ambao umri wetu umekwisha katika ofisi za serikali tumezoea kulifungua daftari la mapato na matumizi kabla ya kuiamini hotuba. Tuchukue mfano wa klabu ya ngazi ya nane yenye watazamaji mia mbili, kila mmoja akilipa paundi nane. Hizo ni paundi 1,600. Wazee na watoto hulipa pungufu, basi tuseme 1,300. Mchezo wa nyumbani huja mara moja kila wiki mbili, kwa kuwa wiki ya pili timu husafiri, na safarini haipati kitu. Fedha hizo ndizo zimlipe mwamuzi na wasaidizi wake wawili, zilipie taa na maji, dobi, basi, bima, dawa ya misuli, chokaa ya mistari na mafuta ya mashine ya kukatia majani. Na zaidi ya yote zijaze bahasha za wachezaji, maana vijana hao, ingawa siku za kazi ni mafundi bomba, walimu na madereva, hupewa kitu kila wiki. Mvua ikinyesha mpaka uwanja ukatuama, mchezo huahirishwa, na wiki hiyo mlango hauingizi hata senti moja. Mwenye kutunza daftari kama hilo hawezi kuilaza timu na njaa kwa kuimba kwamba watazamaji wataongezeka mwakani. Hana budi kutafuta penginepo.

Penginepo pa kwanza ni nyumba. Kiswahili chetu kina maneno mawili yaliyotoka katika neno moja la kigeni: klabu, panapochezwa mpira, na kilabu, panaponywewa pombe. Kwa Waingereza wa ngazi za chini maneno haya hayajatengana. Klabu iliyo na akili hujenga nyumba kando ya uwanja, na katika nyumba hiyo huweka baa na ukumbi. Mtazamaji huingia saa nane kabla ya mchezo akanywa. Wakati wa mapumziko hunywa tena, akala na mkate wenye nyama. Mchezo ukiisha hukaa mpaka usiku akiulaumu mstari wa ulinzi. Ukumbi nao haulali. Kuna harusi, sherehe za kuzaliwa watoto, chai ya matanga baada ya mazishi, darasa la kucheza dansi, mkutano wa wafuga njiwa. Anayekodi ukumbi huenda hajui hata rangi za timu, lakini fedha yake imemlipa golikipa.

Ugonjwa wa korona ulipokuja mwaka 2020 ukweli huu ulionekana waziwazi. Mwezi wa Machi mwaka huo matokeo ya msimu mzima ya klabu za ngazi ya saba na chini yake yalifutwa, kana kwamba miezi saba haikuchezwa. Na msimu uliofuata nao ukakatizwa Februari 2021. Kukosa kiingilio kuliziuma klabu hizo, lakini kilichozikaba koo ni baa iliyofungwa na ukumbi uliokaa na kufuli bila harusi.

Siku hizi uwanja wenyewe umekuwa kama ukumbi. Uwanja wa nyasi za asili huchezewa mara mbili tatu kwa wiki, ukizidisha unakuwa tope. Uwanja wa nyasi bandia hukodishwa kwa saa tangu asubuhi hadi usiku, kwa shule, kwa watoto, kwa makarani wanaotaka kutoa jasho baada ya kazi. Kwa klabu ndogo hilo ni shamba linalovunwa kila siku. Ajabu ni kwamba Ligi ya juu haiukubali uwanja huo. Sutton United, klabu ya kusini mwa London, ilipopanda kuingia katika Ligi mwaka 2021 kwa mara ya kwanza katika historia yake, ililazimika kuzing'oa nyasi zake bandia na kuotesha za kawaida. Yaani tuzo ya ushindi ilikuja pamoja na amri ya kulifyeka shamba.

Klabu isiyo na nyumba hutaabika hata ikiwa na heshima ya dunia nzima. Sheffield F.C., iliyoundwa mwaka 1857, ndiyo klabu kongwe kupita zote za kandanda duniani. Shirikisho la Kandanda la Dunia liliitunukia nishani mwaka 2004, ikalingana katika heshima hiyo na Real Madrid. Lakini bibi huyu wa klabu zote alihama hama kwa zaidi ya karne moja, akipanga viwanja vya wengine, mpaka mwaka 2001 alipopata uwanja wake mwenyewe, nao uko Dronfield, nje ya mji unaobeba jina lake, kando ya baa. Mwaka 2011 ilibidi klabu iuze mnadani kumbukumbu zake za kale, zikiwamo sheria zake za kwanza zilizoandikwa kwa mkono katika mwaka 1858. Zilinunuliwa kwa paundi 881,250. Bibi aliuza vidani vyake ili apate kuwalea wajukuu. Hatuwezi kumlaumu, ingawa sisi tunaojaribu kuhifadhi miswada ya mashairi ya wazee wetu tumeliona jambo hilo kwa maumivu.

Penginepo pa pili, napo ndipo tunapotaka kukaa kidogo, ni mikono ya watu. Msomaji aifikirie Jumamosi moja katika mji mdogo. Saa tatu ya asubuhi katibu wa klabu yuko uwanjani anachoma uma ardhini ili maji ya usiku yapate kuzama. Mwingine anafunga nyavu. Fundi umeme mstaafu anapanda ngazi kutazama taa moja iliyogoma wiki iliyopita. Jikoni mama mmoja, ambaye mwanawe aliichezea timu zamani na sasa anaishi mbali, anakata vitunguu na kuwasha mtungi wa chai. Saa saba mzee mwenye koti la mvua anaketi katika kibanda cha mlangoni na kisanduku cha chenji. Mwingine anauza kijitabu cha mchezo, ambacho mhariri wake amekesha akikipiga chapa. Binti anapita na ndoo akiuza tikiti za bahati nasibu, na zawadi yake ni chupa ya mvinyo au paja la nyama kutoka kwa mchinjaji wa mtaani. Mchezo ukiisha wao ndio wafagiao. Jumatatu jioni hukutana kwa kikao cha halmashauri na kubishana muda mrefu juu ya bei ya soseji. Katika hao wote hapana anayelipwa. Ungejaribu kuwalipa mshahara hata ule wa chini kabisa unaotakiwa na sheria za nchi yao, klabu ingefunga milango kabla ya mwezi kwisha.

Katika nchi ya kibepari, ambako kila kitu kina bei yake ukutani, hii ni ajabu. Sisi tuna jina lake. Wazee wetu wa Tanga waliita msaragambo. Mahali pengine ni ujima. Na tusidhani kwamba desturi hii haikupata kuingia katika starehe za watu wetu. Kabla ya klabu za mpira kushika miji ya pwani palikuwa na vyama vya beni, Marini na Arinoti, vilivyoshindana kwa ngoma, kwa mavazi na kwa vyeo vya kujipachika. Vyama hivyo havikuwa na mlango wala kiingilio. Viliishi kwa michango ya wanachama, na mwanachama alipofiwa chama kilimzika mtu wake. Klabu za mpira zilipozaliwa, kama vile Young Africans mwaka 1935, zilizaliwa katika miji iliyokwisha kuijua desturi hiyo ya kadi na mchango. Ilikuwa baadaye ndipo tulipojifunza kungoja mtu mmoja mwenye fedha aje atununulie jezi.

Tukisema hivyo hatutaki msomaji adhani kwamba klabu za Waingereza huishi kwa soseji na moyo mwema peke yake. Ziko pia bahati, na bahati kubwa huitwa Kombe la F.A. Kombe hili huanza mwezi wa Agosti kwa klabu ambazo jina lake halijulikani hata katika wilaya ya pili, na kila raundi ina fedha yake kwa mshindi. Klabu ikisonga mbele mpaka ikakutana na mkubwa, mapato ya siku moja yaweza kupita ya mwaka. Mwaka 1978 Blyth Spartans, timu ya mji wa bandari ya makaa ya mawe iliyokuwa ikicheza Northern League, iliitoa Stoke City, ikafika raundi ya tano, ikatoka sare na Wrexham huko ugenini. Marudiano yalipelekwa kwenye uwanja wa Newcastle kwa sababu uwanja wao usingeweza kuwabeba watu, na zaidi ya 42,000 wakafika. Blyth walifungwa mabao mawili kwa moja. Lakini fedha za usiku ule hazikufungwa.

Habari ya Marine inatuhusu zaidi. Klabu hii iliundwa mwaka 1894 karibu na Liverpool, ikapewa jina la hoteli waliyokutania waanzilishi wake, na tangu mwaka 1903 imecheza katika uwanja huo huo mmoja huko Crosby, uwanja ambao upande wake mmoja umepakana na ua za nyumba za watu, hata mpira ukipaa huangukia kwenye kamba za kuanikia nguo. Mwezi wa Agosti 1949 ndipo mahali hapo timu ya Nigeria, ya kwanza kuzuru Uingereza, ilipocheza mchezo wake wa kwanza. Wengi wao walicheza miguu mitupu. Waliifunga Marine mabao matano kwa mawili. Mmoja wa wazuru hao, Teslim Balogun, alirudi Uingereza mwaka 1955 kuchezea Peterborough United, ambayo wakati huo nayo ilikuwa klabu isiyo ya ligi. Klabu kubwa zilikuwa zimeshughulika. Mlango uliofunguliwa kwa Mwafrika ulikuwa mlango mdogo. 

Marine hiyo hiyo, ikiwa katika ngazi ya nane, ilipangiwa Tottenham Hotspur tarehe 10 Januari 2021. Nafasi 161 ziliwatenganisha katika mpango wa ligi, tofauti ambayo haikupata kuonekana kabla katika kombe hilo. Ilikuwa bahati iliyokuja na msiba, maana korona ilikuwa imewakataza watazamaji wasiingie. Klabu ikabuni tikiti zisizo za kuingilia popote: unalipa paundi kumi, unakaa kwako. Zaidi ya tikiti 30,000 zilinunuliwa, wanunuzi wengi wakiwa mashabiki wa Tottenham wenyewe, kwa ajili ya uwanja unaoingiza watu elfu tatu hivi. Marine walifungwa matano kwa bila. Sijui kama... tuseme hivi: hatujapata kusikia kipigo kingine kilicholipa vizuri kiasi hicho.

Mlango huo wa bahati nao unaanza kusukumwa ufungwe. Zamani mdogo akitoka sare na mkubwa, marudiano yaliwapeleka kwenye uwanja wa mwingine, na mapato yakagawanywa. Kuanzia msimu wa 2024/25 marudiano yameondolewa tangu raundi ya kwanza kamili kwenda mbele, kwa hoja kwamba wachezaji wa klabu kubwa wanachoka. Mwezi wa Januari 2025 Tamworth ya ngazi ya tano iliishika Tottenham ileile bila kwa bila mpaka dakika tisini zikaisha. Chini ya sheria ya zamani wangekwenda London, katika uwanja unaobeba zaidi ya watu 62,000, na kurudi na fedha za miaka kadhaa. Badala yake ziliongezwa dakika thelathini palepale, wakafungwa matatu. Uchovu wa tajiri umelipwa na maskini.

Tukiwa bado katika mambo ya kuziponza klabu hizi, tuseme kwamba adui mkubwa si kiti kitupu. Ni thamani ya ardhi chini ya kiti. Dulwich Hamlet, klabu ya London iliyoundwa mwaka 1893, ndiyo iliyomtoa Edgar Kail, aliyeichezea timu ya taifa ya Uingereza mwaka 1929 akiwa mchezaji wa klabu isiyo ya ligi. Sehemu ya uwanja wake wa zamani iliuzwa likajengwa duka kubwa, na klabu ikapewa uwanja mdogo zaidi mwaka 1992. Watazamaji, waliokuwa wachache sana, wakaanza kuongezeka katika miaka ya 2010 hata wakapita elfu moja kwa mchezo, jambo la nadra katika ngazi zile. Lakini mwenye ardhi alikuwa kampuni ya wajenzi wa nyumba, na mwezi wa Machi 2018 klabu ikafukuzwa uwanjani. Hata jina lake likasajiliwa na wengine kuwa mali yao. Waliowakaribisha ni Tooting & Mitcham, mahasimu wao wa jadi. Katika uwanja wa mahasimu walimaliza msimu na kupanda daraja, na Desemba mwaka huo wakarudi kwao. Hapo ndipo mtu hujifunza kwamba utani wa klabu mbili ni undugu.

Naye mfadhili ana mapenzi ya kutisha. Mwaka 1992 klabu mbili za miji jirani, Rushden Town na Irthlingborough Diamonds, ziliunganishwa kwa fedha za Max Griggs, ambaye kampuni yake ilitengeneza viatu vya Dr. Martens. Akawajengea uwanja wa kupendeza uitwao Nene Park, akawalipia wachezaji, na mwaka 2001 Rushden & Diamonds ikaingia katika Ligi. Miaka minne baadaye akawakabidhi mashabiki klabu yao. Alikabidhi kwa roho njema. Lakini kilichokabidhiwa kilikuwa nyumba ya ghorofa kwa watu waliozoea kulipia kibanda. Mwaka 2006 ilishuka kutoka Ligi. Mwaka 2011 ikafukuzwa katika mashindano kwa madeni ikafa. Mwaka 2017 ule uwanja ukabomolewa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wahenga, na hao hawakuwahi kuiona Nene Park. Mashabiki waliunda klabu nyingine mwaka uleule wa 2011, wakaanza upya kwa kuazima uwanja wa jirani.

Wafadhili wengine ni waajiri. Waingereza wana Billingham Synthonia, ambayo jina lake limetokana na amonia iliyotengenezwa na kiwanda, na Vauxhall Motors ya kiwanda cha magari. Sisi tunazo Mtibwa Sugar na Kagera Sugar za viwanda vya sukari, Tanzania Prisons ya Magereza, JKT Tanzania ya jeshi. Tunadhani klabu hizi hazijapewa sifa zinazostahili. Uwanja wake mara nyingi ni mtupu, isipokuwa siku ile Simba au Yanga wanapokuja, na hata siku hiyo wageni ndio hushangiliwa. Lakini zimedumu, kwa kuwa mchezaji wake ana kazi au cheo na kitanda. Udhaifu wake ni kwamba mtaa hauna kadi. Siku mwajiri akisema basi, hapana mtu wa kusema hapana.

Vauxhall Motors walionyesha njia nyingine, nayo haina fahari. Mwaka 2014, wakiwa katika ngazi ya sita, watazamaji wakiwa wachache na safari zikiwa ndefu, walijitoa wenyewe katika ligi ile na kubaki na timu yao iliyokuwa ikicheza ligi ya kimkoa, West Cheshire League. Hawakusubiri kufilisika. Baada ya miaka michache walianza kupanda tena. Ngazi zile za Waingereza zina faida hii, kwamba anayeanguka hukuta chini yake daraja lingine, na chini ya hilo lingine, na kote huko kuna mwamuzi, ratiba na kikombe cha kushindania. Wimbledon ilipohamishiwa Milton Keynes kwa idhini ya wakubwa mwaka 2002, mashabiki waliita vijana kwenye uwanja wa wazi wafanye majaribio, wakaunda AFC Wimbledon, wakaanzia Combined Counties League. Miaka tisa baadaye walikuwa wamerudi katika Ligi.

Maidstone United walianguka zaidi. Uwanja wao uliuzwa, wakaingia katika Ligi mwaka 1989 wakicheza katika mji wa watu wengine, na mwezi wa Agosti 1992 wakafilisika kabisa. Waliobaki waliianzisha timu upya katika daraja la nne la ligi ya wilaya za Kent, mahali ambapo mchezaji hufunga nyavu mwenyewe kabla ya kucheza. Ilichukua miaka ishirini mpaka wakajenga tena uwanja katika mji wao, mwaka 2012, wenye nyasi bandia za kukodisha. Tarehe 27 Januari 2024, wakiwa timu ya ngazi ya sita, walikwenda Ipswich katika raundi ya nne ya Kombe la F.A. wakashinda mabao mawili kwa moja.